Kabla Hujafungua Blogu, Uliza Utaondokaje

Mwenyekiti wa kikao, waandaaji, walimu wangu, na ndugu zangu wote mliofika: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mwanzoni mliulizwa nani ana blogu na nani hana, na mikono ya wasio nayo ilikuwa mingi kuliko ya wenye nayo. Basi nitasema na hao wasio nayo. Wenye blogu mnivumilie. Mengi mtakayoyasikia mnayajua, ila kuna moja ambalo nina hakika wengi wenu hamjalifanya tangu mfungue blogu zenu, na nitalifikia muda si mrefu.

Kila nikikutana na mtu anayetaka kuanza kuandika mtandaoni, swali ni lile lile: nitumie Blogger au WordPress? Siku hizi wanaongeza Medium na Substack. Anayeuliza ameshatazama video chungu nzima za kulinganisha majukwaa. Anajua lipi lina miundo mizuri na lipi linasemekana kupendwa na Google, lakini makala yenyewe hajaandika hata aya moja. Wahenga walishamwona mtu huyu zamani, wakasema mchagua jembe si mkulima. Simcheki. Majukwaa ni mengi, kila moja linajinadi kuwa ndilo rahisi kuliko yote, na hofu ya kuchagua vibaya si ya bure, maana ukishaandika makala hamsini mahali fulani, kuhama ni kazi.

Sasa mimi nawaomba mgeuze swali. Acheni kuuliza lipi ni zuri. Ulizeni: siku nikitaka kuondoka hapa, naondoka na nini? Jukwaa likikupa jibu zuri la swali hilo, hata ukilichagua kwa haraka hujapoteza kitu, kwa sababu makosa mengine yote yanarekebishika. Lisipokupa jibu, hata liwe zuri vipi, umeshawekwa kizuizini bila kujua.

Kwa nini naanzia mwisho namna hii? Kwa sababu majukwaa hufa, tena hufa yakiwa na watu ndani. GeoCities, ambako watu walijitengenezea kurasa zao, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotembelewa sana katika mtandao wa mwishoni mwa miaka ya 1990. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga. Vox, jukwaa la blogu la kampuni ya Six Apart, ikafuata mwaka 2010. Microsoft nayo ilikuwa na Windows Live Spaces. Mwaka 2010 ikawaambia wenye blogu wahamie WordPress.com, na 2011 ikafunga kabisa. Posterous, ambayo sifa yake kuu ilikuwa urahisi, maana ulikuwa unatuma barua pepe tu na makala inatoka, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kuzimwa Aprili 2013. Facebook iliwahi kuwa na sehemu ya kuandikia makala ndefu, ikiitwa Notes. Tangu mwisho wa Oktoba 2020 hakuna awezaye kuandika mpya.

Halafu ipo Typepad. Hii naomba muitazame kwa makini, kwa sababu kuna imani kwamba vya bure ndivyo hufungwa, na kwamba ukilipa uko salama. Typepad ilianza mwaka 2003 na watu walikuwa wakiilipia. Agosti 2025 ikatangaza inafunga, na ilipofika mwisho wa Septemba ikazimwa. Kama mwezi mmoja hivi. Mtu aliyekuwapo tangu mwanzo alikuwa na maandishi ya miaka zaidi ya 20 mle ndani. Aliyekuwa na desturi ya kuchukua nakala alisikitika, akahama. Aliyekuwa hana, sijui alilala vipi mwezi ule.

Upande wa pili, Blogger ilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo iliyoitwa Pyra Labs, Google ikainunua mwaka 2003, na mpaka leo ipo. Watu wameitabiria kifo miaka nenda rudi. Kwa hiyo msijaribu kupiga ramli. Hakuna anayejua lipi litabaki, na mimi simo katika wanaojua. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba likifa, halifi na maandishi yetu.

Tena si lazima jukwaa life ndipo uumie. Tumblr, jukwaa jingine la blogu lililoanza 2007, Yahoo iliinunua mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1. Desemba 2018 ikabadili kanuni za kilichoruhusiwa kuwekwa, watu wengi wakajikuta machapisho yao yamefichwa, na mwaka 2019 ikauzwa tena, safari hii kwa Automattic, kampuni yenye WordPress.com. Jina lilikuwa lile lile, rangi ile ile ya buluu, lakini wenyeji wake wa jana walikuwa wageni.

Sasa tuje kwenye lile nililosema wengi hamjalifanya. Naliita jaribio la jioni moja, na nawapa wote wanaoniuliza kabla sijawapa jina la jukwaa lolote.

Chagua mawili unayoyafikiria, yoyote yale yenye sehemu ya bure. Fungua akaunti. Halafu andika makala ya kweli, fupi, ya jambo unalolijua. Usiandike "jaribio jaribio moja mbili", kwa sababu ukurasa wa kuandikia hauonyeshi tabia yake mpaka uwe na kitu unachotaka kukisema. Weka kichwa, aya nne au tano, picha moja, kiungo kimoja cha kwenda tovuti nyingine, na neno moja la herufi nzito. Tumia chombo utakachokuwa unatumia kila siku. Kama ni simu, tumia simu. Usiazime kompyuta ya mtu kwa ajili ya jaribio halafu urudi kwenye simu kwa ajili ya maisha.

Angalia kidole kinakwama wapi. Picha imekaa ulipotaka, au imeruka hadi juu ya kichwa? Ukinakili maneno kutoka kwenye programu nyingine, yanakuja safi au yanakuja na rangi na ukubwa wa ajabu? Zima intaneti makusudi ukiwa katikati ya sentensi, subiri kidogo, iwashe. Rasimu ipo? Chapisha. Sasa jifanye umekosea herufi kwenye kichwa, rudi ukarekebishe. Wengine hapa watagundua kwamba kichwa kimebadilika lakini anwani ya makala bado ina kosa lile lile. Kwenye Blogger, kwa mfano, anwani hutengenezwa mara unapochapisha, na huwezi kuibadili mpaka uirudishe makala kwenye rasimu. Ni jambo dogo, lakini ni afadhali ulijue leo ukiwa na makala moja isiyo na msomaji.

Kisha lile lenyewe: toa nakala. Kwenye Blogger utaipata katika mipangilio, sehemu ya kusimamia blogu. Kwenye WordPress iko kwenye zana. Medium unaiomba kwenye mipangilio ya akaunti, nayo inakutumia kiungo kwa barua pepe. Substack nayo iko kwenye mipangilio. Pakua faili, halafu usiishie hapo kama watu wengi wanavyoishia. Lifungue.

Faili la Blogger au la WordPress ni la aina ya XML. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kusomea maandishi utaona msitu wa alama na maneno yasiyokuhusu: tarehe, namba, majina ya vipengele. Usiogope. Tafuta maneno matatu ya mwanzo ya makala yako. Yapo? Vizuri. Sasa tafuta picha. Hutaiona. Utakachokiona ni anwani tu inayoanza na https, inayoonyesha picha iko kwenye seva ya nani, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi kurasa na picha. Yaani lile faili unaloliita nakala ya blogu lina maneno yako yote, ila picha zako limeziachia kule kule unakotaka kuondoka.

Hapa ndipo watu huumia. Mtu anapakua faili, anaona liko salama kwenye kompyuta, anafuta blogu ya zamani, anaenda kwenye mpya kulipakia, na kila penye picha panakuwa kisanduku kitupu. WordPress inapopokea faili, inaweza kwenda yenyewe kuzichukua picha kutoka ilikokuwa blogu ya zamani, lakini ni lazima blogu ya zamani iwe bado hewani. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: hamisha kwanza, kagua, ndipo ufute. Na picha halisi, zile ulizopiga mwenyewe, zikae kwenye folda yako kabla hazijapakiwa popote.

Kama umezunguka mipangilio yote na hukuona mahali pa kutoa nakala, au pako lakini kilichotoka hakina maneno yako, basi jukwaa hilo limeshajibu. Funga akaunti jioni hiyo hiyo.

Najua mnasubiri majina, na mtu asiyetaja majina katika mada hii huonekana anakwepa. Haya, nitataja, na nitasema ninavyoyaona mimi.

Blogger naipendekeza kwa asiye na hela ya kutoa na anayetaka kuandika tu. Haikuwekei matangazo mpaka uyawashe mwenyewe. Ukinunua jina lako la tovuti, unaliunganisha bila kuilipa Google chochote kwa kuliunganisha. Sura yake ni ya kizamani, sikatai, na vitu vipya huja kwa kusuasua. Lakini hatari yake kubwa haiko kwenye sura. Iko kwenye akaunti. Blogu yako inaning'inia kwenye akaunti moja ya Google, na ukipoteza nenosiri na namba ya simu ya kulirejeshea, umepoteza blogu. Tena tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haikutumiwa kwa miaka 2. Dawa yake ni ya dakika tatu: ingia kwenye mipangilio, mwalike msimamizi wa pili kwa anwani nyingine ya barua pepe, iwe yako mwenyewe au ya mtu unayemwamini kama nafsi yako. Mlio na Blogger humu ndani, fanyeni hivyo leo.

WordPress inachanganya watu kwa sababu chini ya jina hilo kuna vitu viwili. Kuna programu yenyewe, ambayo ni ya bure na ya wazi, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Hii unaiweka kwenye seva unayoikodi. Halafu kuna WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic iliyofunguliwa 2005, ambako unafungua akaunti na kuanza kuandika. Mtu anasikia "WordPress ni bure", anaenda, anaambiwa alipie seva. Mwingine anasikia "WordPress unaweza kufanya chochote", anafungua ile ya .com ya bure, anakuta hawezi kuweka jina lake la tovuti na matangazo ya kampuni yanatokea chini ya makala zake. Wote wawili hawakudanganywa. Walikuwa wakizungumzia vitu tofauti.

Kwa anayeanza kabisa, ile ya kukodi seva simshauri. Nalisema hili nikijua kuna watakaokunja uso. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote zinatumia WordPress, msaada wake umejaa kila kona, na plagini zake za bure, yaani viongezo vya kuipa uwezo mpya, ni zaidi ya 50,000. Lakini siku unapoiweka kwenye seva yako unakuwa mwandishi na mlinzi kwa pamoja. Plagini zinataka kusasishwa. Nakala ni juu yako. Maoni ya takataka yanamiminika usiku. Seva ikilala, unapigiwa wewe. Nimewaona watu wenye kalamu nzuri wakimaliza wikendi nzima wakitafuta kwa nini menyu imehama kushoto, na Jumatatu hawana makala. Kama unafurahia ufundi huo, sawa, ni hobi nzuri. Kama unataka kuandika, anza na ile ya WordPress.com, uvumilie matangazo, na ukikua, faili lake linaingia kwenye WordPress ya seva yako bila ugomvi. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kwake: njia ya kutoka imeshatengenezwa.

Moja zaidi kuhusu WordPress. Tangu toleo la 5.0, Desemba 2018, kuandika humo ni kwa vipande: kila aya ni kipande, picha ni kipande, kichwa kidogo ni kipande. Wapo wanaoupenda mtindo huu. Kwenye skrini ndogo ya simu mimi unanikera, naishia kusogeza kipande nilipotaka kufuta neno. Lijaribuni wenyewe, ndiyo maana nikasema jaribio mlifanye kwa chombo chenu.

Medium aliianzisha Evan Williams mwaka 2012, na huyu ndiye yule yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Blogger. Sijaona ukurasa wa kuandikia mtulivu kuliko wake. Wasomaji nao wamo tayari humo ndani. Shida ni kwamba unakuwa mpangaji asiye na jina mlangoni: msomaji anakumbuka "nilisoma Medium", hakumbuki alimsoma nani. Naiona inafaa kuwa mahali pa pili. Chapisha kwanza kwako, kisha tumia kile kifaa chao cha kuleta makala kutoka nje, ambacho kinaziambia injini za utafutaji kwamba makala asili iko kwako.

Substack, ya mwaka 2017, ni blogu na barua pepe kwa pamoja. Ukichapisha, makala inakwenda moja kwa moja kwenye barua pepe za waliojiandikisha. Haikutozi kitu ukiandika bure. Ukianza kuuza usajili, inachukua asilimia 10, na juu yake kuna makato ya malipo ya kadi. Kinachonifanya niipende ni kwamba orodha ya anwani za wasomaji wako unaipakua muda wowote. Nakala ya makala ni kitu kizuri, lakini orodha ya watu waliosema "nitumie ukiandika" ni kizuri zaidi, kwa sababu ukihama nao unahama na wasomaji. Nawatahadharisha jambo moja: malipo yake yanapitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haiko kila nchi. Ukianza kuota kuhusu hela za usajili, angalia kwanza kama nchi uliyopo imo. Na sura za Substack zote zinafanana kama watoto wa pacha, hilo nalo mlijue.

Ghost ilianza mwaka 2013 kwa michango ya watu kwenye Kickstarter, inaendeshwa na taasisi isiyogawana faida, na ni safi kweli kweli. Ila huduma yao ya kukuhifadhia ni ya kulipia, kwa hiyo mtu anayejaribu kama kuandika kutamshika hana haja ya kuanzia hapo. Kuna na Bear, jukwaa dogo la maneno matupu, kurasa zake ni nyepesi kiasi kwamba zinafunguka hata mtandao ukiwa unakokota miguu. Humo unaandika kwa Markdown, ule mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004 wa kuweka nyota kuzunguka neno ili liwe na mkazo. Jekyll, Hugo na wenzao, programu za kujitengenezea tovuti kwenye kompyuta yako, waacheni kwa wapenda kompyuta. Ni vizuri sana na si vya leo.

Kuhusu jina la tovuti, lile tunaloliita domeni, nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko kuhama kunakopatia wepesi. Ukiandika kwa miaka mitatu kwenye anwani inayoishia blogspot.com au wordpress.com, kila mtu aliyeweka kiungo cha makala yako ameweka kiungo cha kampuni ile. Siku ukihama, viungo vyote vinabaki nyuma. Ukiwa na domeni yako, unahamisha blogu na jina linakufuata, msomaji hata hajui kwamba jana ulikuwa Blogger na leo uko kwingine. Huna haja ya kuinunua siku ya kwanza. Andika kwanza, uone kama unaendelea. Lakini ukishaona unaendelea, kabla viungo havijasambaa, inunue.

Na inunue kwa jina lako, kwa barua pepe yako, kwenye akaunti yako. Nalirudia kwa sababu hapa kuna dhuluma za kimyakimya. Mtu anampa fundi hela amtengenezee blogu, fundi anaisajili domeni kwa jina lake mwenyewe, wakati mwingine bila nia mbaya, alikuwa anarahisisha tu. Baada ya mwaka wanakosana, au fundi anabadili namba, na mwenye blogu anagundua kwamba jina lililoandikwa kwenye kadi zake za biashara ni mali ya mtu mwingine. Domeni haimilikiwi milele, inalipiwa kwa mwaka, na taarifa ya kwamba inaisha inakwenda kwa aliyesajili. Ikiisha na hakuna aliyelipa, mtu yeyote anaweza kuichukua. Fundi mpe kazi ya ufundi. Jina lishike mwenyewe.

Mionekano, rangi, nembo, kalenda ya pembeni, kihesabu cha wageni: sina la kusema juu yake. Chukua muonekano uliokuja na jukwaa, hakikisha maandishi yanasomeka kwenye simu, basi.

Naona mikono imeshaanza kuinuka. Tuchukue maswali.

Dada yangu pale katikati anauliza: yeye hana kompyuta, anaandika kwa simu tu, je, kuna jukwaa la simu? Dada, yote niliyoyataja yanafanya kazi kwenye simu, yanatofautiana tu kwa kero. Nakushauri mambo mawili. Andika kwanza kwenye programu ya kuhifadhi maandishi iliyo kwenye simu yako, ile inayofanya kazi bila intaneti, ndipo unakili upeleke kwenye blogu. Hapo una nakala bila kuhangaika. La pili ni picha. Picha ya kamera ya simu ina megabaiti tatu, nne, wakati mwingine zaidi, na msomaji wako ndiye anayeilipa kwa bando lake. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 hivi kabla ya kuipakia. Itashuka hadi kilobaiti mia chache na hakuna atakayeona tofauti.

Mzee wangu huku mbele ameuliza swali ambalo vijana hatuliulizi: akifariki, maandishi yake yatakuwa ya nani? Mzee, Mungu akuzidishie umri. Kama uko Blogger, Google ina sehemu kwenye mipangilio ya akaunti, ipo tangu 2013, ambako unaandika majina ya watu watakaopewa vitu vyako endapo akaunti itakaa bila kutumiwa kwa muda unaoupanga mwenyewe. Weka jina la mwanao. Majukwaa mengine mengi hayana kitu cha namna hiyo, kwa hiyo njia ya uhakika ni lile faili la nakala, pamoja na folda ya picha, likae mahali ambapo watu wa nyumbani wanapajua. Na domeni, mtu mmoja wa familia ajue imesajiliwa wapi na inalipiwa lini.

La mwisho, kijana wangu kule nyuma: ameanza Blogger na domeni yake, anataka kuhamia WordPress ya kwenye seva, anaogopa viungo vyake vya zamani vitavunjika. Swali zuri. Anwani za Blogger zina mwaka, mwezi, kichwa cha makala, na zinaishia na .html. Kwenye WordPress yako nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, uchague kujipangia mwenyewe, na uzipange kwa utaratibu huo huo: mwaka, mwezi, jina la makala, kisha .html. Viungo vingi vitaendelea kufunguka kama vile hujahama. Baadhi havitalingana, kwa sababu Blogger hukata vichwa virefu inapotengeneza anwani, na hivyo utavirekebisha kwa mkono, makala moja moja. Orodhesha zile zinazosomwa sana, uanze na hizo. Na blogu ya zamani usiiguse mpaka umefungua kila makala mpya na kuona picha zake zimefika.